Usinunue Gari la Dakika Kumi

Wiki iliyopita, tukitoka kanisani, binti mmoja wa kwaya ambaye ameajiriwa majuzi alinishika mkono akanivuta kando.

"Shosho, nimepata gari," akasema, maana ndivyo vijana wetu wanavyomwita bibi. "Niliendesha kidogo hapo mjini nikaona iko sawa. Nalipa mwisho wa mwezi."

"Uliendesha kwa muda gani?"

"Kama dakika kumi hivi."

Nilimwambia asilipe kwanza. Akacheka, nadhani aliona ni woga wa uzee, kisha wenzake wakamwita akaenda. Nimekaa na jibu langu siku tatu na halijatulia. Basi naliandika, liwe lake na la vijana wengine wote mnaotafuta gari la kwanza.

Mimi nimeuza magari hapa Kitale kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikuwa makanika, na yadi haikuwa yangu. Nilikuwa yule mama anayekupokea langoni, anakupa kiti, anakuuliza habari za nyumbani, halafu anakukabidhi funguo na kuketi kando yako ukiendesha. Wateja waliniita Mama Njoki. Na zile dakika kumi nazijua vizuri sana, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizigawa.

Hazikutokea tu. Zilipangwa. Mwenye yadi, Bwana Gitau, alinifundisha wiki yangu ya kwanza. Mteja akipiga simu kwamba yuko njiani, nitie gari moto mapema ili injini ipate joto na liwake mara moja akifika, bila kukohoa. Redio iwe juu kidogo. Tukitoka langoni tukate kushoto, kwenye lami nzuri, mpaka kituo cha mafuta, tuzunguke, turudi. Upande wa kulia kulikuwa na matuta matatu na kipande cha mawe, na huko hatukuenda.

"Mteja amekuja kupenda gari," Bwana Gitau aliniambia. "Sasa wewe usimzuie."

Msimdhanie mtu mbaya. Mishahara yetu haikuchelewa, na mama yangu alipofariki alifunga yadi siku nzima ili sote tuende mazishini. Yeye aliamini tu kwamba gari likishatoka langoni, ni la mwenyewe na Mungu wake. Na mimi niliamini vivyo hivyo, maana ni imani inayompa mtu usingizi mzuri.

Wateja wenyewe walitusaidia. Kuna mzee wa Kiminini aliyepiga honi mara nane, akarekebisha vioo vyote, akasema gari limemfaa, na hakuwa hata ametoa breki ya mkono. Kuna ndugu wanne waliokuja pamoja, kila mmoja akaketi kwenye usukani akapigwa picha, na boneti haikufunguliwa. Mmoja tu ndiye aliyetushinda: mama muuza vitunguu kutoka Chwele, aliyefika na magunia mawili na kuyatia kwenye buti kabla sijasema neno.

"Mama, hayo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Si mimi nitabeba vitunguu? Sitabeba hewa."

Akakataa kukata kushoto, akaenda kulia. Kwenye tuta la kwanza nyuma ya gari ilikaa chini mpaka bodi ikasugua tairi. Alirudi taratibu, akateremsha magunia yake, akanishukuru kwa heshima, akaenda zake. Bwana Gitau alimcheka wiki nzima, na mimi nilicheka naye. Ningekuwa na akili, siku ile ningejifunza. Nilijifunza baadaye, kwa njia ngumu zaidi, na aliyeumia hakuwa mimi.

Alikuja mwalimu mstaafu kutoka Bokoli, jina lake Simiyu. Mtu mrefu, mpole, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Mke wake, Mama Nasimiyu, alikuwa na ugonjwa wa figo, na mara mbili kwa wiki ilibidi afike hospitali Bungoma kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Walikuwa wakienda kwa bodaboda mpaka kwenye lami, kisha wanapanda gari la abiria, na kurudi ni hivyo hivyo, mama akiwa hana hata nguvu ya kusimama. Mwalimu alitaka gari dogo la otomatiki, maana goti lake la kushoto lilikuwa limekataa klachi. Haya yote aliniambia akiwa ameketi kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu. Kwa hiyo siwezi kusema sikuelewa gari lile lilikuwa la kazi gani.

Nilimpa gari la rangi ya fedha, safi ndani na nje. Nilikuwa nimeshalipasha joto. Tukakata kushoto. Siku hiyo nilikuwa mkarimu, nikampa dakika kumi na mbili.

"Hii iko laini sana," akasema.

"Umechagua vizuri, Mwalimu," nikamjibu.

Baada ya wiki tatu alirudi, peke yake, bila gari. Nilimwona akivuka barabara na nilijua kabla hajafika. Hakupandisha sauti. Aliketi kwenye kiti kile kile akanieleza kama mtu anayesoma ripoti. Gari likitembea nusu saa hivi, halina shida. Likipita hapo na joto likapanda, akikanyaga mafuta injini inanguruma lakini gari haliendi. Kilima kidogo tu, linakataa. Mara ya kwanza walisimama kando ya barabara wakangoja lipoe, wakafika. Mara ya pili halikupoa upesi. Mama Nasimiyu alikaa kwenye nyasi kwa muda wa karibu saa mbili, kisha wakambeba kwa bodaboda, mumewe nyuma akimshikilia asianguke. Walipofika, nafasi yake ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Aliunganishwa na mashine kesho yake, miguu imevimba mpaka viatu haviingii.

"Sikuja kugombana, Mama Njoki," akasema. "Mama amenikataza. Nina swali moja tu. Ulijua?"

"Hapana, Mwalimu. Haki ya Mungu sikujua."

Na ilikuwa kweli. Lakini alinitazama vile walimu wanavyomtazama mwanafunzi aliyejibu nusu ya swali.

"Ungewezaje kujua?"

"Kama tungeliendesha saa nzima. Na kilima."

"Kwa nini hatukuendesha saa nzima?"

  Sikujua kwamba gia ya lile gari ni mbovu, lakini kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha kwamba mimi na mteja hatujui. Nimewahi kuaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ya siku ile ndiyo niliyoibeba mpaka leo.

Nyuma ya yadi kulikuwa na gereji ya fundi anayeitwa Barasa. Tulikuwa tukimwita tu wakati tunataka kitu kizibwe au king'arishwe. Asubuhi iliyofuata nilimwomba tuandamane mpaka Bokoli kulichukua lile gari. Njiani kurudi tulisimama mara tatu lipoe, na katika kungoja huko, tukiwa tumeketi juu ya jiwe, Barasa alinifundisha mambo ambayo sikuyajua kwa miaka yote ile ya kuuza.

"Hii gia ni mgonjwa wa zamani, mama," alisema. "Ikiwa baridi inajikaza. Oili yake ikishika moto ndio inasema ukweli. Na nyinyi mnaonyesha watu gari kabla haijaanza kusema."

"Sasa mtu aiendeshe muda gani?"

"Mpaka ipate moto kabisa, halafu nusu saa ingine. Tena si kwa kushuka. Kutoka Kitale ukielekea Webuye unateremka, kila gari ni nzuri. Mwambie arudi nayo juu."

Nilichelewa kumuuliza kwa miaka mingi, na alikuwa hatua arobaini kutoka kiti changu.

Tulipofika Kitale, gari liliingia langoni likakataa kupanda mwinuko wa yadi, ambao mtoto anaupanda akiruka kamba. Likabaki pale pale mbele, mahali ambapo Bwana Gitau alikuwa akiweka gari lake zuri kuliko yote. Akatoka ofisini.

"Nini hii? Sukumeni nyuma."

"Itakaa hapo," nikasema.

"Mama Njoki, huyo mtu aliendesha, akaridhika, akatia sahihi."

"Aliendesha dakika kumi na mbili, na mimi ndiye nilihesabu. Mpe gari ingine, tumsaidie."

Alikataa. Aliniambia akianza mchezo huo atabadilishia watu magari mpaka afunge. Nikamwambia sawa, nikafungua boneti ya lile gari, nikaiacha wazi, nikahamisha kiti changu kando yake. Kila mteja aliyeingia aliuliza gari lile lina nini, na kila aliyeuliza nilimjibu: gia zake hukataa zikipata moto, tulimuuzia mwalimu wa Bokoli bila kulijaribu vizuri, na mkewe akakosa matibabu. Sikuongeza na sikupunguza. Siku ya kwanza watu watatu waliondoka bila kuketi. Siku ya pili Bwana Gitau alikuja akasimama mbele yangu, mikono mfukoni.

"Unataka kunifungia biashara?"

"Nataka Mwalimu apate gari."

"Na nikikufuta?"

"Nifute leo. Nitatoa kiti changu nikae hapo nje ya lango. Wakiniuliza nitawajibu hapo hapo."

Nilikuwa na watoto wawili sekondari wakati huo, na karo yao ilitoka kwenye mshahara ule. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Mtu akishaamua kweli, hofu haimrudishi nyuma.

Alitazama ile boneti iliyo wazi. "Moja," akasema mwishowe. "Utambadilishia huyo mmoja."

"Na kuanzia sasa kila mteja ajaribu gari saa nzima."

"Na mafuta yangu?"

"Mteja mwenyewe ataweka."

Akaenda zake akinung'unika. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana, na mimi nilichukua hiyo kama ndiyo.

Sasa ngoja niwaambie jinsi tulivyolitafuta gari la Mwalimu, kwa sababu ndani yake mna kila kitu ninachokijua.

Gari la kwanza lilikuwa jeupe. Tulifika yadi asubuhi kabla ya mtu yeyote kuliwasha. Barasa aliweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi. Lifanyeni hilo na nyinyi: mkifika likiwa na joto, mwambieni muuzaji mtarudi kesho, na mrudi kweli. Aliliwasha, tukasimama nyuma, redio imezimwa. Likatoa moshi wa buluu, wa injini inayochoma oili, ukaning'inia pale. Barasa alitikisa kichwa. Hilo lilijaribiwa dakika mbili, na dakika mbili zilitosha. Kulikataa gari hakuhitaji muda mrefu. Kulikubali ndiko kunakohitaji.

La pili lilipita kila kitu. Tulilipeleka kulia, kwenye matuta na mawe, madirisha wazi, tukisikiliza chini. Tulikata usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, tukizunguka polepole, hakuna kilichogonga. Kwenye barabara kubwa niliachilia usukani kidogo na gari halikuvuta upande. Tulifunga breki kwa nguvu mahali pasipo na watu. Tulilizima likiwa na moto, tukangoja robo saa, tukaliwasha tena, kwa maana kuna magari huwaka vizuri asubuhi tu. Tuliangalia chini kama limedondosha kitu. Tulimaliza baada ya saa moja na nusu, na Barasa akasema hili sawa. Nililipeleka Bokoli mwenyewe nikiwa najisikia mshindi.

Mama Nasimiyu alitoka nje akitembea polepole, leso begani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza kwa mkono.

"Wewe ndio ile mama ya gari? Wacha kwanza niingie."

Aliingia. Au tuseme alishuka ndani, maana kiti kilikuwa chini sana, na kutoka alihitaji watu wawili. Alipumua kwanza, kisha akasema bila hasira, "Hii inanilaza kama kaburi. Na mimi sijafika huko. Rudisha, mama, utafute ingine."

Mimi na Barasa tulikuwa tumejaribu injini, gia, breki na tairi, na hatukuwa tumemjaribu abiria. Ndiyo maana nawaambia, hata kama unanunua gari jipya kabisa ambalo halijawahi kukaliwa na mtu, dakika kumi hazitoshi. Huenda halina ubovu wowote, lakini hujui kama linakufaa wewe. Mpeleke mama yako aingie na kutoka. Mfunge mtoto kwenye kiti cha nyuma. Tia ule mzigo utakaobeba, kama yule mama wa vitunguu. Egesha pale unapoegesha kwako. Mgongo wako wenyewe hauanzi kulalamika kabla ya dakika arobaini.

La tatu lilikuwa refu kidogo kwenda juu, la zamani kuliko mengine, rangi ya kijani iliyofifia upande mmoja. Mwalimu hakulipenda.

"Kijani?" akaniuliza.

"Mwalimu, tuliendeshe kwanza."

Safari hii sikupima muda kwa saa. Nilimuuliza ni safari gani gari litafanya kila wiki, akasema nyumbani mpaka hospitali na kurudi. Basi nikasema hiyo ndiyo tutajaribu, yote, siku ya mashine, na mama ndani. Tulimchukua asubuhi Bokoli. Aliingia mwenyewe, kwa kushika tu mlango. Mwalimu aliendesha, mimi nyuma, Barasa kando yangu akisikiliza gia. Vumbi, mashimo, lami, msongamano wa mjini Bungoma. Tuliegesha juani kwa muda wa karibu saa nne, mama akiwa hospitalini kwenye mashine. Alipotoka alikuwa mchovu, uso kama karatasi. Tuliinamisha kiti, akalala. Gari likawaka mara ya kwanza, pamoja na joto lote la jua.

Karibu na kwao Mwalimu alinong'ona, "Limetosha. Tuchukue hili."

"Bado," nikasema. "Halijapanda."

"Mama amechoka."

"Najua. Nilimchosha mara moja kwa kuharakisha."

Mama Nasimiyu alisema macho yakiwa yamefumbwa, "Endeleeni. Hapa naskia vizuri."

Basi tukapita njia ya kwenda nyumbani, tukashika barabara ya Kitale, kupanda, tukiwa watu wanne na gari lina moto wa saa nzima na zaidi. Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa vidole vyote. Kila kilima nilingoja ule mngurumo mtupu. Tulifika Kamukuywa, tukateremka mtoni, tukaanza kupanda ng'ambo ya pili. Mwalimu alikanyaga mafuta, gia ikashuka moja, gari likaenda. Barasa aliniangalia, akainua kidole gumba chini chini, mama asiamke.

Tuligeuza hapo juu tukamrudisha nyumbani. Kwa jumla, kulijaribu gari lile kulichukua siku, kutoka asubuhi mpaka alasiri. Mkiniuliza gari lijaribiwe muda gani, saa moja ndiyo kidogo kabisa ninayoweza kukubali, baridi na moto, kupanda na kushuka. Lakini jibu langu hasa ni kwamba uliendeshe safari yako yenyewe, yote, na watu wako ndani. Muuzaji akikataa, mrudishie funguo, na usimweleze mengi. Atakuambia kuna mtu mwingine analitaka. Mimi nilikuwa nikisema hivyo karibu kila siku, na mara nyingi huyo mtu hakuwepo.

Kwenye yadi, baadhi ya wateja wenye haraka walituhama wakaenda kwa majirani. Bwana Gitau alilalamikia hilo mpaka siku alipostaafu. Lakini wengine walianza kuja kutoka Naitiri, kutoka Chwele, kutoka Bungoma mjini, wakiuliza pale langoni yuko wapi yule mama wa saa nzima. Barasa nilimpa kiti kando ya changu.

Lile gari la kijani Mwalimu aliliendesha kwa miaka minne, mara mbili kila wiki, Bokoli na Bungoma. Hakuna hata siku moja mkewe alikosa mashine kwa sababu ya gari. Figo ndizo zilizoshindwa mwishowe, na Mama Nasimiyu alifariki asubuhi moja nyumbani kwake, kitandani pake, mumewe amemshika mkono, na si kwenye nyasi za kando ya barabara.